“Miye Siko na Kesi na Mutu”

Kosa ninalotaka kuliandika leo nililifanya mimi mwenyewe. Si la afisa, si la shirika. Nililifanya kwa neno moja la Kiingereza lenye herufi nne: “case”.

Wakati ule nilikuwa mkalimani wa kujitolea kwenye dawati la shirika moja hapa Nyarugusu. Afisa alizungumza Kiingereza, watu wetu Kibembe, Kifuliiru na Kiswahili cha kwetu Kivu, na mimi nilikaa katikati. Asubuhi moja akaja mama mmoja, umri wa bibi yangu, mguu unamsumbua, karatasi zake zote amezifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Afisa akauliza kama mama ana “case” pale ofisini. Ni swali la kawaida kabisa, huulizwa kila siku. Mimi bila kufikiri nikamgeukia: “Mama, uko na kesi hapa?”

Mama alishtuka. Akajifunga kitenge vizuri, akanitazama kana kwamba nimemtukana.

“Kesi? Miye siko na kesi na mutu, mutoto wangu. Uliza kijiji chote. Hata kuku ya jirani sijawahi kufukuza.”

Nikamwambia afisa: hana. Afisa akaandika kwamba hana, akafungua faili jipya.

Kumbe faili lake lilikuwepo tangu miaka ya nyuma, ndani ya kabati, hatua tatu kutoka pale tulipokaa. Ndani yake kulikuwa na kila kitu: siku ya kukimbia, boti ya usiku kwenye Ziwa Tanganyika, jinsi mume wake alivyobaki ng’ambo, jinsi mguu ulivyoumia. Yote hayo alikwisha kuyasema mara moja, huko nyuma, mbele ya mtu mwingine. Sasa kwa sababu ya neno langu akaulizwa upya tangu mwanzo. Akasema mara ya pili, na mimi nikiwa mdomo wake. Ikapita miezi 7 kabla mtu hajagundua kwamba mama huyu ana mafaili mawili, na muda wote huo ombi la mguu wake lilikuwa limelala kwenye faili la zamani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nalitazama neno “case” kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumuuma. Nimelifuatilia linakotoka, linavyotumika Kiingereza, na linavyotumika humu kambini. Nayaandika haya kwa ajili yenu majirani zangu, na pia kwa ajili ya ndugu zetu wa mashirika wanaosoma jarida hili, maana neno hili tunalitumia sote kila siku huku kila mtu akiwa na maana yake kichwani.

Tuanze kwa wenyewe. Kiingereza kina “case” mbili ambazo kwa asili si neno moja. Zimekutana njiani tu zikafanana sura. Ya kwanza inatoka kwenye neno la Kilatini “casus”, lililotokana na kitenzi cha kuanguka. “Casus” ni kitu kilichoanguka, yaani kilichompata mtu, kilichotokea. Ya pili inatoka kwenye neno jingine la Kilatini, “capsa”, yaani sanduku. Hiyo ndiyo imo ndani ya “suitcase”, sanduku la nguo. Na hapo Kiswahili kina undugu wa mbali nayo, kwa sababu neno letu “kasha” lilitujia kwa Wareno, na neno lao “caixa” ni la ukoo huohuo wa sanduku.

Mwingereza wa kawaida hafikirii haya yote anapoongea. Kwake “case” ni neno la kutumia tu, kama kijiko. Daktari ana “case” ya malaria, yaani mgonjwa mmoja mwenye malaria. Mwanasheria ana “case” mahakamani. Polisi ana “case” ya wizi. Mtu akitoa hoja zake vizuri, wanasema amejenga “case” nzuri. Akichukua mwavuli wakati jua linawaka, wanasema amechukua “just in case”, sisi tungesema huenda mvua ikanyesha. Na ukimwuliza afisa kwa nini jirani amepata na wewe hujapata, atakujibu kwamba wanaangalia “case by case”, yaani kila mmoja na lake.

Angalia jambo moja: katika hizo zote, mahakama ni sehemu moja tu. Kwa Mwingereza, kuwa na “case” si aibu na si hatari. Mtu anaweza kuwa “case” kwa daktari, kwa mwalimu, kwa ofisi ya nyumba, na asilale macho wazi usiku.

Sasa njoo kwetu. Kiswahili kilipolichukua neno hili na kulifanya “kesi”, hakikuchukua zigo lote. Kilichukua pembe moja tu: mahakama. Kesi ni shauri lililofikishwa mbele ya hakimu, ndivyo kamusi zinavyolieleza na ndivyo mtaani wanavyolielewa. Kesi ina mshtaki na mshtakiwa. Kesi inasikilizwa, inaahirishwa, mtu anashinda na mwingine anashindwa. “Nitakufungulia kesi” ni tishio. “Usiniletee kesi” maana yake usiniingize kwenye matata. Na watu wetu wana msemo kwamba kesi ya ngedere hakimu akiwa nyani, usitegemee haki. Popote neno hili linapoingia, huingia na hofu.

Kwa hiyo mama yule hakukosea hata kidogo. Alijibu swali nililomwuliza. Nilimwuliza kama ameshtakiwa, akasema hapana. Aliyekosea ni mkalimani aliyedhani kwamba neno likifanana sauti basi linafanana na maana. Na nikiwa mkweli, nilikuwa naona fahari kidogo. “Kesi” ilikuwa lugha ya ofisini, na mimi nilitaka kusikika kama mtu wa ofisini.

Lakini watu wa kambini si wajinga wa kubaki na neno bila kulifuga. Miaka mingi ya kukaa hapa (Nyarugusu ilifunguliwa 1996, kuna watu wamezaliwa hapa na sasa wana watoto wao) imelipa “kesi” maisha mapya. Sikiliza watu wakiwa kisimani. Kesi inatembea. Kesi imekwama. Kesi imelala. Kesi ya fulani imekufa, halafu mwaka unaofuata unasikia imefufuka. Kesi inagawanywa pale kijana anapooa, na inaunganishwa pale mjane anapokubali mume. Mtoto akizaliwa haulizwi kwanza jina, anaulizwa kama ameshaingizwa kwenye kesi. Na mtu anajitambulisha hivi: “Sisi ni kesi ya watu 7.” Zamani angesema sisi ni nyumba ya fulani, au mlango wa fulani.

Hapo ndipo ninapoanza kuogopa. Sina shida na neno kuingia. Lugha yetu imekula maneno ya Waarabu, Wareno, Wahindi na Waingereza na haijafa. Shida yangu ni kile neno hili linachokifukuza likishaingia. Nyumba ina baba, mama, babu aliyezikwa, shamba lililoachwa, ugomvi wa zamani na ndugu wa Baraka. Kesi ina namba na idadi ya watu. Ukijiita nyumba, unabeba vyote vile. Ukijiita kesi, unabeba kile tu kinachotakiwa dirishani.

Halafu kuna ile sentensi. Kila mtu hapa anaijua, nadhani hata watoto wanaweza kuiigiza kwenye mchezo: “Kesi yako inashughulikiwa.” Mimi ni mwalimu wa lugha kwa kuzaliwa, niruhusuni niifungue kidogo.

Kwanza, kitenzi chake kina ile “-wa” ya kutendwa. Inashughulikiwa. Na nani? Sentensi haisemi. Kiswahili kinaruhusu kabisa kusema “inashughulikiwa na fulani”, lakini fulani ameachwa nje. Pili, hakuna wakati. Haisemi tangu lini wala mpaka lini. Tatu, na hili ndilo kubwa, kinachoshughulikiwa ni kesi, si wewe. Wewe umesimama pale dirishani juani, na kesi iko mahali pengine yenye kivuli, inashughulikiwa. Mmetenganishwa. Ukiuliza habari zako unapewa habari za kesi.

Siwalaumu wanaoisema. Wengi wao hawana jibu jingine; hata wao wanasubiri mtu wa juu yao, na huyo anasubiri nchi. Tuliliona hilo Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Watu waliokuwa wamekwisha pimwa afya, waliokuwa wamegawa sufuria zao kwa majirani, wakaambiwa kesi zimesimama. Ndiyo, kesi inaweza kusimama. Karatasi haili, haiugui, haizeeki. Lakini mtu hasimami. Binti anakua, mgonjwa anazidi, na sufuria ulizogawa unaona aibu kuzidai. Neno “kesi” ndilo linalowezesha sentensi ile kusemwa bila sauti kukwama. Jaribu kuisema na watu wenyewe: “Watu 7 wamesimama.” Msikilizaji atauliza wamesimama wapi, wanakula nini.

Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi za ofisi alisoma maandishi haya yakiwa bado rasimu, akanipinga, na ni haki niweke hoja zake. Alisema: “Mwalimu, unalionea hilo neno. Namba ya kesi inamlinda mtu. Binti aliyefanyiwa ukatili, jina lake halitajwi mezani, inatajwa namba. Na faili ni kumbukumbu. Mimi nitahamishwa kesho, lakini faili litabaki na mama hatasahaulika.”

Ana haki. Na mfano wa mama wa mguu unamuunga mkono yeye, si mimi: faili la zamani lingepatikana siku ile, asingelazimika kurudia machungu yake. Kasha zuri linatunza. Sitaki makasha yachomwe moto. Ninachosema ni kwamba kasha lisipewe jina la mtu, na mtu asipewe jina la kasha.

Kuna jambo jingine nililolikuta nilipokuwa natafuta tafuta, nalo liko ndani ya sheria yenyewe. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamtambua mkimbizi kwa hofu yake yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kuwa katika kundi fulani la jamii, au maoni yake ya kisiasa. Hofu hiyo kwa kawaida mtu huielezea mmoja mmoja: wewe walikutafuta kwa nini, walikutishia nini. Huo ndio ulimwengu wa “case”, kila mmoja na lake. Lakini mwaka 1969, mjini Addis Ababa, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wake, ukakubali maana hiyo na kuiongeza. Ukasema mkimbizi ni pia mtu aliyelazimika kukimbia kwa sababu ya uvamizi kutoka nje, kukaliwa na nchi nyingine, kutawaliwa na wageni, au matukio yanayovuruga vibaya usalama wa umma katika sehemu ya nchi yake au nchi nzima.

Soma tena hayo maneno ya mwisho: matukio yanayovuruga usalama wa umma. Hapo haikuulizwa risasi ilikuwa na jina la nani. Kijiji kizima kimeangukiwa, kijiji kizima kimekimbia. Kwa Kiswahili hiyo si kesi, huo ni mkasa. Na ajabu yake ni kwamba mkasa, jambo lililowaangukia watu, ndiyo maana ya kale kabisa ya lile neno la Kilatini. Wazee waliokaa Addis Ababa, bila kulizungumzia neno “case”, walilirudisha karibu na shina lake.

Basi tuseme nini badala ya kesi? Wengi wataniambia: sema “kisa”. Na kweli redio na magazeti husema “visa vya kipindupindu”, “visa vya wizi”, wakimaanisha “cases”. Ni Kiswahili kizuri. Kisa ni neno la asili ya Kiarabu, maana yake hadithi, na kwetu limeongeza maana ya sababu: tunauliza kisa na mkasa tukitaka kujua chanzo na yaliyotokea. Kisa kina mwanzo, kina watu, kina kwa nini. Kesi haina vyote hivyo.

Lakini kisa nacho kina miiba yake, tuambizane ukweli. Kwanza, wingi wake ni “visa”. Humu kambini ukiandika “visa” kwenye ubao wa matangazo, nusu ya watu watakuja mbio na masanduku wakidhani ni kibali cha kuingia Amerika. Na kuna visa vya tatu, vile mtu anavyomfanyia mwenzake kwa chuki. Pili, na hili ni zito zaidi, kisa kinaweza kugeuka bidhaa. Sote tunajua kwamba wapo wanaoshauriana usiku kabla ya intavyuu: hili litaje, lile liache, hapo ulie kidogo. Sisemi hivyo kumhukumu mtu. Mtu aliyekaa miaka 20 akingoja dirisha lifunguliwe atajaribu ufunguo wowote. Lakini angalia kinachotokea. Kisa kinakatwa kitoshee kwenye visanduku vya fomu. Aliyepoteza ng’ombe, rafiki na kaburi la mama yake anaambiwa hayo hayana sanduku. Akirudia kisa kilichokatwa mara tano, mara sita, anaanza kukiamini hicho na kusahau kile cha kwake. Nimekaa na wazee wakisimulia watoto wao walivyokimbia, na nikasikia wanasimulia kwa mpangilio wa maswali ya ofisini. Tarehe, mahali, wangapi, nani alishuhudia. Hadithi ya nyumbani imevaa sare.

Kwa hiyo mimi napendekeza neno la tatu, ambalo lipo siku zote na tumelisahau kwa sababu halisikiki kama la kisasa: shauri.

Shauri lina sura nyingi. Mahakama za Tanzania bado hulitumia kwa maana ya kesi. Lakini shauri ni pia ushauri: kumpa mtu shauri, kukata shauri, kufanya shauri pamoja. Kwetu wazee walikuwa wanakata maneno chini ya mti, na hakuna maneno yaliyokatwa mwenyewe akiwa hayupo. Shauri haliwezi kukaa peke yake kwenye kabati. Linataka watu wawili wanaotazamana. Ofisi ikimwambia mama, “Tuna shauri lako hapa, tulizungumze”, mama atavuta kiti. Hataanza kuapa kwamba hajafukuza kuku wa jirani.

Hata hivyo nalo lina kona yake. “Shauri lako!” tunamwambia mtu asiyesikia, yaani utajua mwenyewe. Ofisi ikilisema kwa sauti hiyo tutakuwa tumerudi palepale. Hakuna neno litakalofanya kazi ya moyo. Ila lipo neno linaloufungulia moyo mlango, na lipo linaloufunga.

Kwa wafanyakazi wa mashirika nina maombi matatu madogo, hayahitaji bajeti. La kwanza, msiulize mtu kama ana kesi. Ulizeni: “Umeshawahi kuandikishwa hapa? Uliwahi kuongea na mtu wa ofisi hii?” Mngemwuliza mama yule hivyo, angejibu ndiyo kabla hamjamaliza. La pili, mkisema jambo linashughulikiwa, ongezeni hata neno moja: na nani, au mpaka lini, au semeni wazi kwamba hamjui. “Sijui” iliyosemwa kwa uso inauma kidogo kuliko “inashughulikiwa” iliyosemwa bila uso. La tatu, mpeni mkalimani dakika mbili za kuuliza: hapa neno hili lina maana gani? Mimi sikuuliza, na afisa hakuwa na namna ya kujua kwamba nimepotea.

Na kwetu sisi wenyeji wa mistari hii ya nyumba za matofali na turubai: namba ya kesi ikae kwenye kadi, inafaa kukaa huko. Lakini jioni mtoto akiuliza sisi ni nani, tusimjibu kwamba sisi ni kesi ya watu 7. Tumtajie majina.

Mama yule alipata matibabu ya mguu baadaye, baada ya mafaili mawili kuwa moja. Nilikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Nikamweleza yote: neno la Kiingereza, tafsiri yangu, kabati, miezi 7. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua maharage. Halafu akasema:

“Kumbe siku ile ndio ulikuwa unaniuliza kama munanijua?”

Nikasema ndiyo, Mama, ndivyo ilivyokuwa.

“Sasa ungesema hivyo, mutoto wangu. Ningekuambia munanijua.”